Naomba ushauri: mbao za jahazi la mfano zinapasuka kwenye omo (sehemu ya mbele ya chombo)

Assalaam alaykum mafundi wa Lamu na Matondoni. Jahazi ni la kipimo cha 1:20, urefu sentimita 60, yaani la kweli lingekuwa mita 12. Mkuku (mti mrefu wa chini kabisa) na mataruma (mbavu za ndani) ni mvule. Mbao za ubavuni ni za mwembe, unene milimita 2, upana 8.

Katikati zinalala vizuri. Shida ni omo, pale zinapopinda kuifuata hanamu (mti wa mbele unaokata maji): zinapasuka upande wa nje hata zikilowekwa maji ya moto nusu saa. Zinazosalimika husinyaa zikikauka, gundi huachia na mianya hubaki. Nashuku msumeno umekata nyuzi za mti mshazari, na mpasuko huanzia hapo.

Je, bora kuchana ubao kwa kufuata nyuzi? Au niparue hadi milimita 1.5 pale unapopinda tu? Na ubao ubanwe kwenye kalibu mpaka ukauke kabisa kabla ya gundi, au utiwe ungali na unyevu?

Majahazi mliyoyaweka hapa, mashallah, maungio hayaonekani kabisa. Tafadhali tuonyesheni na picha za ndani, kabla sitaha haijafunikwa.