Wadau, shule yetu Dodoma ijiunge AISA au hela ikanunue hadubini?

Mwl_wa_Ilazo:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri hasa walimu na wenye shule. Nafundisha baiolojia shule ndogo hapa Dodoma, tunafuata mtaala wa Cambridge, na tangu serikali ihamie huku watoto wanazidi kuongezeka. Mkuu wetu anataka tuombe uanachama AISA, ule umoja wa shule za kimataifa Afrika wenye ofisi Nairobi. Bodi inasema ada ni ya dola, bora tununue hadubini. Kikao Ijumaa na mimi ndo nimeambiwa nikatetee.

Kinachoniuma ni hiki, somo langu niko peke yangu. Juzi nasahihisha moko ya IGCSE (ule mtihani wa Cambridge wa ngazi kama ya kidato cha nne), karatasi 14, kuna mtoto kaeleza osmosisi vizuri kabisa ila hajataja utando, nimekaa na ile karatasi mpaka saa sita usiku nimpe mbili au tatu, simjui hata mtu mmoja mji huu wa kumpigia nimuulize we ungempa ngapi. Nikampa mbili. Mpaka leo sina amani nayo.

BabaJunior_DOM:
Mwalimu pole, ila mimi kama mzazi naangalia mwanangu anajifunza nini. Nembo getini haimfundishi mtu. Nunueni hadubini.

Mama Upanga:
Nimefanya kazi miaka sita Dar kwenye shule mwanachama, ngoja niseme ninachokijua. Kwanza bodi isichanganye mambo, uanachama sio ithibati, yaani kuthibitishwa kwamba shule imekaguliwa na imefikia kiwango. AISA ipo tangu 1969, ni umoja wa shule zenyewe kusaidiana, ithibati wanatoa wengine kama CIS (Council of International Schools) na wale wanakuja kukagua mpaka vyoo. Usajili wa wizara uko palepale, na mitihani ya Cambridge ni mkataba mwingine kabisa. Mkimwambia mzazi "tumeingia AISA kwahiyo shule imethibitishwa" mtakuwa mmemdanganya.

Unachopata ni watu. Makongamano, mafunzo ya walimu, mkuu wa shule anapata wakuu wenzake wa kuwauliza. Na ulinzi wa mtoto, hapo ndo mimi nawapigia saluti. Mwaka 2014 iligundulika mwalimu mmoja Mmarekani amewadhulumu watoto kingono shule za kimataifa nchi kibao, miaka na miaka, na alishatiwa hatiani kwao tangu 1969! Shule zikawa zinampokea moja baada ya nyingine bila kujua. Baada ya pale vyama vya shule za kimataifa vikakaa pamoja, vikaunda kikosi kazi cha namna ya kuchunguza mtu kabla hujamuajiri. Shule iliyojifungia peke yake itajuaje?

Mwl_wa_Ilazo:
Dada umenigusa pabaya. Sisi mwaka juzi tulimpokea mtu kwa barua tu, hakuna aliyepiga simu alikotoka. Muhula wa pili ndo tunasikia aliondolewa kule kwa kupiga watoto, tukamuondoa na sisi. Ile barua niliisoma kwa macho yangu, ilikuwa imemsifia mwanzo mwisho.

Mzee wa Zabibu:
Mimi nina shule, nasema kama mwenye shule. Ada ndo kitu kidogo, gharama ni kuitumia. Kutoka hapa kwenda Nairobi kwa barabara ni Kondoa, Babati, Arusha, Namanga, ukifika mgongo sio wako, na mwalimu akiondoka siku nne nani anashika darasa? Kama bodi haitoi nauli na mwalimu wa kushikilia, msijiunge, mtalipia jina. Ila simu ya kuulizia mtu kabla ya kumuajiri haihitaji uanachama wowote mwanangu, hiyo anzeni Jumatatu.

teacher_kisasa:
Mwalimu mbona tuko wote hapahapa! Mimi baiolojia IGCSE, niko Kisasa, na mimi nasahihisha peke yangu kama wewe. Nyie leteni karatasi tano mmefunika majina, na mimi naleta zangu tano, tunasahihisha halafu tunalinganisha. Huyo wa osmosisi kama hajataja utando kabisa ila kaeleza maji yametoka wapi kwenda wapi, fungua mwongozo wa kusahihisha uone alama ya utando inasimama peke yake au la. Nicheki inbox.

Mwl_wa_Ilazo:
Nimekucheki. Jumamosi saa nne nakuja na zote 14, na ya yule mtoto naiweka juu. Kwenye bodi naomba mwaka mmoja wa majaribio, nauli na mwalimu wa kushikilia viwe ndani ya bajeti, wakikataa nauli naondoa ombi zima. Mzee, hilo la simu nimeshamuandikia mkuu leo leo.