Hamamelisi yangu imetoa maua ya rangi mbili

Mpenda Maua:
Ndugu wanabustani, nina kichaka cha hamamelisi aina ya Diane, ile yenye maua mekundu yanayochanua katikati ya majira ya baridi wakati matawi hayana jani hata moja. Huu ni mwaka wa nne tangu nikipande. Msimu huu fimbo tatu zilizonyooka, zilizochomoza karibu kabisa na ardhi, zilichanua njano majani yakiwa bado yanapukutika, ilhali matawi ya juu yalitoa maua mekundu machache tu, matumba mengi yakiwa yamekauka na kudondoka kabla ya kufunguka. Je, aina yangu imegeuka, au nimekosea kuitunza?

Mbebeshaji:
Haijageuka. Diane ni chotara wa hamamelisi ya China na ya Japani, na machotara haya kwa kawaida hubebeshwa, yaani kikonyo chake huungwa, juu ya shina la hamamelisi ya Virginia, ambayo asili yake ni Amerika ya Kaskazini na ambayo huchanua njano wakati majani yanapopukutika, kama ulivyoona. Fimbo zako ni maotea, yaani machipukizi, ya shina hilo la chini. Yana nguvu kuliko kikonyo kilichobebeshwa, na ukiyaacha yatakimeza. Fukua taratibu hadi uone yalipoanzia. Otea changa hung'olewa kwa kuvutwa kuelekea chini, lakini yako yamekomaa, kwa hiyo yakate kwa kisu kikali sawasawa na gome bila kuacha kigutu, kwa maana kigutu hubaki na macho ya kuchipulia, na macho hayo yatachipua tena.

Kivuli cha Mti:
Nakubaliana naye, ila maotea peke yake hayaelezi matumba kudondoka. Hamamelisi hutengeneza matumba yake majira ya joto, na mizizi yake haiendi chini sana. Ikikaukiwa wakati huo, gharama utaiona miezi kadhaa baadaye. Je, ulimwagilia?

Mpenda Maua:
Sikumwagilia, nikidhani kichaka cha umri huo kinajitegemea, na nilipalilia kwa jembe hadi shinani. Leo nimefukua: maotea yote matatu yametoka chini ya uvimbe wa maungio, pale kikonyo kilipobebeshwa, lakini uvimbe wenyewe nimeukuta umefukiwa kiasi cha vidole vinne.

Mbebeshaji:
Basi kilipandwa kwa kina kupita kiasi. Ondoa udongo huo mpaka uvimbe uonekane, ukiangalia usiumize mizizi.

Kivuli cha Mti:
Na jembe liweke kando. Magugu yang'oe kwa mkono. Tandaza mboji ya majani, ikiwa mbali kidogo na shina, na ukiwa na maji ya mvua uliyoyakinga yatumie hayo, hasa ikiwa maji yako ya bomba yana chokaa nyingi, kwa kuwa mmea huu hupenda udongo wenye asidi kidogo. Kupogolea kufanyike mara maua yanapokwisha. Anayepogolea mwishoni mwa majira ya joto huwa anakata maua yake mwenyewe. Petali zikijikunja siku ya baridi kali usiogope, hujikunjua hali ya hewa ikitulia.

Mpenda Maua:
Maua yamekwisha wiki iliyopita, kwa hiyo maotea nitayakata kesho, na matawi mawili yanayosuguana nitayapunguza siku hiyo hiyo.