Tupeane uzoefu: mtoto wa miaka 10 hadi 13 aliyezama kwenye ushabiki wa mtandaoni, unamfuatiliaje?

Mama wa Tabata
Wazazi wenzangu, hili limenikosesha usingizi wiki nzima. Binti yangu ana miaka 11, yuko darasa la sita. Simu yake hana, jioni nampa yangu ya zamani. Tangu mwaka jana ni BTS, lile kundi la waimbaji wa Korea Kusini, asubuhi mpaka usiku. Anawajua wote saba, na tarehe 13 Juni, siku walipoanza mwaka 2013, aliomba keki. Sikuona ubaya, nikamnunulia.

Kisha bando la mwezi likawa linaisha kwa siku nne. Usiku mmoja nikaikuta simu chini ya mto wake, imepata moto, video ileile inajirudia. Sauti kaipunguza tu, hakuizima, maana wameambizana ukizima haihesabiwi. Wanaita kustrimu, kupandisha idadi ya watazamaji. Kwenye kundi lao wapo zaidi ya 200 na wamepangiana zamu kama walinzi. Yeye zamu yake saa nane usiku!

Nikafungua inboksi. Mtu asiye na picha kamwandikia: "Tuma picha umevaa sare ya shule, nijue kweli una miaka 11." Hakutuma, alijibu kamera ya simu ya mama ni mbovu. Mikono ilinitetemeka. Nikamnyang'anya simu, akalia mpaka akatapika. Leo siku ya tano hanisemeshi. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Baba wa Mwanza
Pole sana dada. Wangu ana 12, yeye na watengeneza video za magemu. Nimemwekea Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto: saa mbili usiku simu inajifunga, na hapakui programu bila mimi kuridhia. Ila haisomi meseji. Huyo wa sare ya shule nisingemwona.

Mama wa Likoni
Mimi nilikuwa nampekua mwanangu akilala. Ana miaka 12, anaandika hadithi za mashabiki. Moja, mwimbaji wake anapanda feri hapa Likoni, anamkuta msichana anauza mahamri. Nilivyoipenda, nikaropoka asubuhi kwamba sura ya tatu imenitoa machozi. Akaniangalia tu. Siku hiyohiyo akafungua akaunti nyingine, miezi minne sikujua anaongea na nani. Mamangu, kupekua kwa siri kulinigharimu.

Sasa simu zote, hata ya babake, zinachajiwa sebuleni kuanzia saa tatu. Na nilimwambia wazi: nitaangalia, na nitaangalia ukiwepo. Alinuna kama wiki mbili. Siku hizi ananisomea mwenyewe nikikuna nazi.

Mwalimu, Dodoma
Angalieni mwaka wa kuzaliwa uliomo kwenye akaunti. Mitandao mingi inataka miaka 13, kwa hiyo watoto wanaandika uongo. TikTok humfungia meseji za faragha aliye chini ya 16, lakini aliyejiandika kazaliwa 2000 anahesabiwa mtu mzima, na milango yote iko wazi.

Mama wa Tabata, usifute chochote. Piga skrinishoti, uende nazo Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, pia ni bure.

Mama wa Tabata
Asanteni sana, jamani. Skrinishoti ninazo. Jana nilikaa naye kitandani nikamwomba anifundishe majina ya wale saba. Namchanganya Jimin na Jin, akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Tukakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Mama, yule mtu utampeleka polisi?" Nikamwambia ndiyo. Akaniambia kuna mwenzake darasani aliombwa vilevile, na huyo mwenzake alituma.

Nimempigia mama wa huyo mtoto asubuhi hii. Niko kwenye daladala, naelekea kwake.