Fundi wa pikipiki wa kuaminika hapa Chake Chake, Pemba, nimjue kwa dalili gani?

Mkaazi_wa_Machomane

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba msaada kwa wanaozijua pikipiki. Ninayo ya 150, ya kabureta, nimeinunua mkononi mwa mtu, kwa hivyo waranti haina. Asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa buluu kidogo, kisha unakata wenyewe. Ikilala siku mbili bila kuwashwa, staata haizungushi, mpaka nipige kiki.

Kila fundi ana lake. Mmoja kasikiliza tu akasema ringi zimekwisha, injini ishushwe. Mwengine kasema nitie oili nzito na ninunue betri mpya. Wa tatu kasema niiwache hadi kesho ipoe, apime kwanza, bei ataisema baadae. Mimi si fundi. Nimwamini nani, na nitamjuaje? Au niipakie meli niipeleke gereji kubwa Mjini Unguja?

SpanaKumi

Wa alaykum salaam. Mpe huyo wa tatu. Maneno yake ndiyo yanayolingana na dalili ulizozieleza.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Suala ni inapitia wapi. Ukitoka pale tu unapowasha baada ya pikipiki kulala, au ukishuka mlima umeachia mafuta kisha ukayafungua tena, mara nyingi ni sili za valvu. Oili inachuruzika polepole kwenye shina la valvu, inakaa juu ya pistoni, ukiwasha inaungua na kumalizika. Ringi zikiwa zimekwisha moshi haukati. Unazidi ukibeba mzigo, injini inapumua kwa nguvu kwenye mpira wake wa kutolea hewa, na kila ukitizama kijiti oili imeshuka. Sili ni vimpira viwili vidogo. Kushusha injini, kuchonga silinda na kutia pistoni mpya ni kazi nyengine kabisa, na gharama zake hazikaribiani.

Fundi wa kweli hakwambii ni kipi mpaka apime. Anatoa plagi, anafunga geji ya kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), anafungua mafuta yote na kupiga kiki mpaka sindano ikome kupanda. Anaiandika namba. Kisha anatia oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi na kupima tena. Namba ikipanda sana, ile oili imeziba mwanya wa ringi, kwa hivyo ringi au silinda ndiyo mgonjwa. Ikiwa ya mwanzo ilikuwa chini na oili haikuisaidia, tatizo liko juu: valvu, au gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Na ikiwa namba ya mwanzo tu inalingana na ya kitabu cha pikipiki hiyo, basi hakuna sababu ya kushusha chochote chini, tizama sili. Ni kazi ya muda mfupi. Anayeiruka anabahatisha kwa pesa yako.

Hilo la kutaka ipoe nalo lina maana. Mwanya wa tapeti, ile nafasi ndogo juu ya shina la valvu, hupimwa injini ikiwa baridi. Kwa injini za muundo wa CG125, zilizomo kwenye pikipiki nyingi za Kichina, ni 0.08 mm, valvu ya kuingiza na ya kutoa. Ukipima chuma kikiwa cha moto, namba ya kitabu haina kazi tena. Mwanya ukibana mno, valvu haikai vyema kwenye kiti chake, ukingo unaungua na kompresheni inapotea. Ukilegea, ndio ule mlio wa tiki tiki. Muulize fundi yeyote tapeti anapimia nini. Akikutolea fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, kaa naye. Akisema anapimia masikio, tafuta mwengine.

Umeme_12V

Mimi niseme la betri, maana hapo ndipo watu wanapotiwa hasara kuliko popote. Betri mpya juu ya chaji mbovu inakufa kama ile ya zamani, ni suala la muda tu.

Mita ya umeme ya kawaida inatosha. Injini imezimwa, na imekaa saa kadhaa: betri nzima iliyojaa husoma karibu 12.6 volti. Washa, panda mzunguko, pima kwenye vichwa vya betri: inatakiwa kati ya 13.5 na 14.8 hivi. Ikibaki 12 na kitu, chaji haifiki. Ikipita 15, rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri) imekufa na inaichemsha betri, maji yake yanakauka na taa zinaungua moja baada ya moja.

Kwa vile yako inalala ikikaa, kuna kipimo kimoja zaidi. Swichi imezimwa, fungua waya wa hasi, weka mita ya miliampea kati ya waya na kichwa cha betri. Pikipiki ya kabureta isiyo na alamu inatakiwa isome sifuri au karibu yake. Ikisoma kitu, chomoa soketi ya alamu kwanza, kwani nyingi zimetiwa barabarani na huunganishwa ovyo. Kisha chomoa rektifaya. Kinachoishusha namba ndicho kinachokunywa umeme. Na jamani, mita ikiwa hapo usiguse staata, fyuzi ya mita inaruka papo hapo.

Kabla ya kununua rektifaya, tizama soketi yake. Hewa yetu ina chumvi, na pini za shaba zinaota kile kijani. Umeme ukipita hapo pini inapata moto, plastiki inayeyuka, chaji inakatika, na kumbe rektifaya yenyewe ni nzima. Waya wa hasi unaofungwa kwenye chesisi nao ufunguliwe, upigwe msasa mpaka chuma kiwe cheupe, ukazwe, upakwe grisi kidogo juu. Fundi anayeanzia hapo huenda ukaondoka bila ya kununua kitu.

Binti_Konde

Mie nataka kujibu suala la Mjini, naona limepitwa. Gereji ya duka ina mahali pake. Pikipiki mpya iliyo ndani ya waranti ipeleke huko, ikifunguliwa mtaani waranti inaweza kufutwa. Na ya injeksheni ikiwasha taa ya hitilafu inataka mashine ya kuisoma. Yako ni ya kabureta na haina waranti. Kuivusha kutoka bandari ya Mkoani hadi ya Malindi, Unguja, kwa ajili ya sili mbili ni kulipa nauli kubwa kuliko kazi.

Fundi wa karibu ana jengine ambalo gereji ya mbali haikupi: kesho utapita tena mbele ya kibanda chake. Kazi ikiharibika anaiona, na watu wa mtaani wanaiona. Akiifanyia mara mbili tatu anaijua historia yake, kwamba nati fulani nyuzi zake zimeliwa, kwamba kabureta iliwahi kubadilishwa. Hilo halina bei.

Lakini pesa zinyooshwe mwanzo. Ufundi bei yake, spea bei yake, mbalimbali. Spea ya zamani irudi mkononi mwako, hata kama utaitupa. Na ukubaliane naye kuwa akifungua akakuta jengine, anakupigia simu kabla ya kuendelea. Anayechukia masharti haya matatu amekwisha kujieleza.

Bora zaidi ukanunue spea mwenyewe, na ile ya zamani uende nayo dukani kwa kulinganisha.

SpanaKumi

Binti_Konde, nakubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Mtu asiye fundi akinunua peke yake, huletewa kitu kinachofanana kwa macho. Sili ikipungua upana wa ndani kwa nukta chache inakata mapema, ikizidi inavuja siku ya kwanza. Kisha fundi anasema spea si yake, wewe unasema ufundi mbovu, na hakuna wa kubeba dhamana. Nenda dukani pamoja naye, au akuandikie jina la pikipiki, modeli na namba ya spea, na risiti iandikwe jina lako.

Binti_Konde

Kwenda pamoja sawa, hilo nimelikubali. Risiti iwe na jina langu, hapo sitoki.

Mkaazi_wa_Machomane

Ahsanteni sana, nimefaidika. Amepima leo: kompresheni iko sawa na ya kitabu, kasema sili. Betri haijapimwa bado. Hedi ikifunguliwa nitizame nini, maana nitakuwepo? Na oili gani nitie, yule mwengine kashikilia nzito.

SpanaKumi

Vizuri. Hedi ikishuka, muombe aitikise valvu ndani ya bushi yake (mrija unaopitia shina la valvu) kabla ya kutia sili. Ikicheza sana upande kwa upande, sili mpya haitodumu, bushi ndiyo iliyokwisha. Valvu zisagwe na viti vyake kwa dawa ya kusagia mpaka utokee mstari mmoja wa kijivu, usiokatika, pande zote. Kisha dawa yote ioshwe, chembe yake ikibaki inakula silinda. Akisharudisha springi, atie petroli kwenye njia ya kuingizia na ya kutolea, asubiri dakika kadhaa. Ikivuja kuelekea upande wa pistoni, valvu haijakaa, arudie kusaga. Hiki ni kipimo kizuri mno, na hakina gharama.

Gasketi ya hedi iwe mpya, ya zamani hairudishwi. Nati zikazwe kwa kupishana kona kwa kona, kidogo kidogo, raundi mbili au tatu, na ya mwisho kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba ya kitabu. Akikaza moja mpaka mwisho ndipo aende ya pili, hedi inapinda na oili itatoka ubavuni.

Oili nzito haizibi sili, inachelewesha tu. Inachelewa pia kufika juu kwenye hedi asubuhi, na hapo ndipo chuma kinapokulana. Tia daraja lililoandikwa kwenye kitabu. Kwa joto letu 20W-50 ndiyo ya kawaida kwa pikipiki hizi. La muhimu kuliko unzito ni kibandiko: kiwe na JASO MA au MA2, alama ya kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano inaifanya klachi iteleze, injini inanguruma mlimani na mwendo haupandi, halafu utaambiwa ununue sahani za klachi.

Kiasi, tizama kitabu au maandishi kwenye kava la injini, nyingi za 150 ni karibu lita moja. Nyengine zina kioo cha kuonea. Zenye kijiti cha muundo wa CG, kipangusa, kiweke tu juu ya nyuzi bila kukiskurubu, ndipo usome. Ukikiskurubu kinazama zaidi, utadhani oili ipo na kumbe haipo.

Umeme_12V

Na asiirudishe pikipiki kabla ya kipimo cha chaji. Kisha tapeti zipimwe tena baada ya kama kilomita 500, maana valvu zilizosagwa hukaa upya na mwanya hubadilika. Kwa hiyo kama waya wa mita ya kilomita umekatika, kama zilivyo nyingi za mkononi, utiwe sasa hivi kabla hujaanza kuhesabu.