Tupeane uzoefu: maelezo yako ya ushahidi yaliandikwa kwa maneno ya nani?

Mwanzisha mada, Majengo

Ndugu zangu, nina miaka 11 nikiwa karani wa wakili hapa Mombasa, na kazi yangu kubwa ni kukaa na mashahidi na kuandika maelezo yao. Tangu zije Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, mdai huwasilisha hati ya madai pamoja na maelezo yaliyotiwa saini na mashahidi wake, na shahidi akipanda kizimbani mara nyingi huulizwa tu kama anayakubali yawe ushahidi wake, kisha wakili wa upande wa pili huanza kumhoji. Karatasi ndiyo inayotangulia kusema, na ikisema asilolisema shahidi, yeye ndiye atakayelijibu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia bibi mmoja katika kesi ya nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yako lakini kiwanja ni cha mwengine unayemlipa kodi. Alinieleza kwamba mwenye kiwanja alianza kuikataa kodi "ile mvua ya El Niño ilipobomoa ukuta wa choo changu". Nami, nikidhani namsaidia, nikaandika "mnamo Novemba 1997". Wakili alipomuuliza ameijuaje Novemba, bibi alinyamaza, akageuka kunitazama. Lau ningeuacha ukuta wa choo mahali pake, angeueleza hata kwa saa nzima.

Nani mwengine ametia saini maneno yasiyokuwa yake?

Mchangiaji, Likoni

Dada karani, mimi yalinifika katika kesi ya ajali ya matatu. Tulikuwa abiria watatu, na maelezo yetu sote yalisema gari "liliendeshwa kwa kasi ya kupindukia bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara". Wakili wa bima aliyasoma yote matatu, moja baada ya jingine, kwa sauti ile ile. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma kabisa. Nilichokiona ni mgongo wa mwenzangu, na nilichokisikia ni breki. Hayo nilimwambia aliyeniandikia, nayo hayakuwamo.

Mchangiaji, Kisauni

Yangu yalikuwa polisi. Nilimwomba askari anisomee kabla sijatia saini, naye hakufurahi. Nilisema "nilimwona mtu aliyefanana naye". Palikuwa pameandikwa "nilimwona". Alilisahihisha, nami nikatia saini ndogo pembeni ya neno lile.

Mchangiaji, Tudor (wakili)

Uingereza wamelitungia utaratibu jambo hili. Kwa maelezo yaliyotiwa saini kuanzia Aprili 6, 2021 katika mahakama zake za biashara na mali, shahidi hutakiwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, ataje nyaraka alizoonyeshwa alipokuwa akitayarisha maelezo yake, na wakili athibitishe kwa saini kwamba masharti yamefuatwa. Hilo la nyaraka naliona ndilo zito zaidi, kwa kuwa shahidi akishaonyeshwa barua hawezi tena kutenganisha anachokikumbuka na alichokisoma. Siku hizi namsikiliza mtu mpaka amalize kabla sijalifungua faili.

Mwanzisha mada

Ahsante, wakili. Tangu siku ya yule bibi mimi huandika kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno ya shahidi kama yalivyotoka, kisha ndipo hutengeneza ya Kiingereza. Humsomea polepole, na kila anaponikatiza husimama nikarekebisha. Nakala ya Kiswahili shahidi huenda nayo nyumbani.