MREJESHO: Yule mwenzetu aliyekuwa akiandamwa hosteli

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu kijana wa darasani kwetu, chuo kimoja hapa Iringa, aliyerushiwa picha kwenye grupu la WhatsApp akiitwa shoga hadi akaogopa kulala hosteli. Asanteni sana, hata mlionifokea.

Nilimsikiliza dada mmoja wa humu aliyesema nisibishane kama ni kweli au uzushi, maana kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu (kile cha ngono "kinyume na maumbile") kingeweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi na hoja ya uonevu tu, nimebeba skrinishoti pamoja na kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinachokataza uonevu mtandaoni. Mama yule hakuuliza ya chumbani kwa mtu (nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya). Admini wa grupu akaitwa, picha zikafutwa, waliosambaza wakapewa onyo la maandishi.

Hosteli ndiyo imeshindikana. Wenzake wa chumba waligoma kabisa, kahamia geto Kihesa kwa kodi ya mfukoni mwake. Semina ya kupinga unyanyasaji tuliyoomba, kimya hadi leo.

Mlioniuliza kama kaacha chuo: hapana, yupo kwenye mitihani.