Muvi za mashujaa wengi angani: kwa nini nyingine hunoga na nyingine huchosha?

Mwandishi_Donholm

Wadau, nisaidieni. Ninaandika skripti ya mashujaa wanaorushwa angani kutoka ule mtambo wa Waitaliano baharini pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Nina mashujaa wanane, kila mtu na nguvu zake. Niliwasomea marafiki kurasa za mwanzo tukiwa Buruburu. Kufika shujaa wa nne, mmoja yuko kwenye simu, mwingine ananiuliza, "Huyu wa moto ndiye yule wa chuma?" Sasa ni nini hasa hunogesha muvi za aina hii? Msiniambie tu "stori nzuri".

Kevo_wa_Nduthi

Bajeti. Bila pesa ya kutengeneza picha za kompyuta, anga yako itafanana na pazia jeusi. Pole.

Baba_Kibanda

Kevo, tulia kwanza. Mimi nina kibanda cha video huku Huruma: mabenchi ya mbao, projekta moja, na mlango unaotazamana na jamaa wa smokie. Muvi nimejifunzia kwa huo mlango. Watu wakichoka hawasemi, wanatoka kununua smokie. Na wanatoka saa ngapi? Meli za angani zikianza kulipuana. Yaani pale pale pesa zote za bajeti zilipomwagwa ndipo mabenchi yangu hubaki wazi. Lakini mashujaa wakianza kuzozana wenyewe kwa wenyewe, hata aliyebanwa na mkojo hujikaza.

Chukua Guardians of the Galaxy ya 2014. Avengers ya 2012 ilikuta kazi imeshafanywa, maana Iron Man, Thor na Captain America walikuwa na muvi zao tayari. Hawa watano wa Guardians huku mtaani hakuna aliyewajua: Quill mwizi, Gamora muuaji, Groot mti unaotembea, Rocket mnyama mdogo mwenye bunduki kubwa, na Drax jitu lenye chale lisiloelewa mzaha. Mwongozaji James Gunn hakumsimamisha kila mmoja atueleze alikozaliwa. Aliwagonganisha. Quill anataka kuuza tufe aliloiba. Gamora anataka kumpokonya. Rocket na Groot hawana habari na tufe, wanamtaka Quill mwenyewe kwa sababu kuna mtu ameahidi pesa akikamatwa. Ni vurugu moja tu hadharani, na ikiisha unamjua kila mtu kwa anachokitaka. Nguvu zao utazijua mbele ya safari.

Halafu kuna gerezani. Rocket anawapangia wenzake jinsi ya kutoroka, anasisitiza kuna betri fulani ichukuliwe mwisho kabisa, kwani ikitoka tu king'ora kinalia. Nyuma yake, huku anaongea, Groot anarefuka polepole hadi kwenye hiyo betri na kuing'oa. Kibanda huanza kucheka kabla Rocket hajageuka. Hapo hakujalipuka kitu! Kicheko kinatoka kwenye tabia: mmoja anajiona mjanja kuliko wote, mwingine ana roho nzuri ila hasikilizi hadi mwisho. Ukiwabadilishia nafasi, hakuna atakayecheka.

Drax naye, kwao hakuna mafumbo. Hebu mpeleke kwenye mahari, wazee waseme wameona ua zuri kwa boma hili wakapenda kulichuma. Atawaambia hapa hakuna ua, kuna sukuma wiki.

Kwa hiyo, Mwandishi, achana na orodha ya nguvu. Muulize kila shujaa: unataka nini ambacho ukikipata, jirani yako atakosa chake? Wawili wakitaka kitu kile kile kwa sababu ile ile, mmoja amezidi, mtoe.

Achi_Umoja

Baba Kibanda, kwa ugomvi nakubali, ila Gunn umempamba mno. Ronan, adui wa muvi hiyo, ni nyundo na sauti nzito, basi. Kuna mtu anakumbuka alichokuwa akitaka?

Na umeruka muziki. Quill alichukuliwa na meli ya angani mwaka 1988, usiku ule ule mamake alipofariki, na kanda ya nyimbo alizompangia ndiyo aliyobaki nayo. Sasa akicheza dansi peke yake kwenye magofu, unacheka na unamhurumia kwa wakati mmoja. Wakati wa kupiga picha nyimbo hizo zilikuwa zinachezwa papo hapo, waigizaji wakizisikia. Albamu ilipotoka ilipanda hadi nambari moja kwenye chati ya Marekani ya Billboard bila hata wimbo mmoja mpya, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa albamu ya muvi. Mama yangu mashujaa hawamhusu ndewe wala sikio, lakini wimbo wa Marvin Gaye uliomo humo ulimkalisha.

Halafu nitetee muvi iliyotukanwa: The Marvels ya 2023. Ilivuna pesa kidogo kuliko zote za Marvel Studios zilizoitangulia. Lakini wale wanawake watatu wakitumia nguvu zao kwa wakati mmoja wanabadilishana mahali, na vita vya angani vinahamia sebuleni kwa kina Kamala, mmoja wao, baba na mama yake wakiwemo. Hapo nguvu zenyewe ndizo zinazoleta ugomvi. Mteja wako hatoki.

Baba_Kibanda

Ronan nakuachia, ni nyundo kweli. Hiyo ya akina mama watatu niliionyesha. Paka walipoanza kuwameza wafanyakazi wa kituo, watu walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. Dakika za mwisho, smokie.

Mwandishi_Donholm

Nimekata hadi watano. Wa moto na wa chuma sasa ni mtu mmoja. Nahodha ni mvuvi wa Ngomeni, anataka warudi kabla kusi haijaanza. Mwanasayansi anataka wasirudi kabisa. Iko sawa?

Achi_Umoja

Iko, ila usimpe mvuvi unahodha mapema hivyo. Waache wagombanie usukani hadi ukurasa wa thelathini, na yule wa moto asiwe upande wa yeyote.